Kidonge, Moto Baridi na Swali la Nachingwea

Lionja ni kata ya Wilaya ya Nachingwea, mkoani Lindi, katika ukanda wa korosho na ufuta unaoziunganisha Nachingwea na Ruangwa. Dawa ya malaria inayomezwa huko haikutengenezwa huko. Imetoka kiwandani ng'ambo, ikashushwa bandarini, ikalala ghalani, ikapakiwa kwenye lori, kisha ikafika kwenye rafu ya duka la dawa au kabati la zahanati. Mama anayemnywesha mwanawe kidonge hicho usiku, homa ikiwa imepanda, hana njia ya kujua kilichomo ndani yake. Kidonge cha kweli ni cha manjano, na cha uongo pia kinaweza kuwa cha manjano. Vyote viwili hukaa kwenye karatasi yenye jina la kiwanda na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Historia hii ni ya kipimo kinachoweza kuijibu shaka ya mama huyo kwa sekunde chache: bomba dogo la kioo linalotoa moto usiounguza. Kilianzia Berlin na Cambridge, kikapitia Beijing na jimbo la Indiana huko Marekani, kikahusishwa na msako wa wahalifu wa bonde la mto Mekong, na hatimaye sifa zake zikafika mpaka Afrika Mashariki. Hapo ndipo ilipobainika kwamba kipimo kizuri na kipimo kinachofaa si lazima kiwe kitu kimoja.

Mtambo wa kwanza kutoka mbali

Nachingwea ina uzoefu wake wa mitambo ya kigeni. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kuja kuangalia kama karanga zingeweza kulimwa Afrika Mashariki kwa wingi wa kuondoa uhaba wa mafuta ya kula uliowasumbua Waingereza baada ya vita. Ujumbe ulizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ya safari ukiwa angani ndani ya ndege, ukarudi na mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea.

Upande wa kusini ulijengewa mambo makubwa. Reli ilitandikwa kutoka pwani kwenda Nachingwea, na bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara. Yaliletwa matrekta, yakaletwa hata mabaki ya vifaru vya kivita yaliyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki. Vichaka vikawa vigumu kuliko ilivyodhaniwa. Kongwa udongo uligeuka kama saruji kila kiangazi kilipoingia, na mvua hazikufuata kalenda ya London. Januari 1951 mpango ulitangazwa kuachwa, huku paundi milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikifutwa vitabuni. Mwaka 1962 reli nayo ikafungwa.

Matrekta yale hayakuwa mabovu. Kosa lilikuwa kwamba yalitangulia kufika kabla ya mtu kupima udongo, mvua na kichaka cha mahali penyewe. Hilo naliita swali la Nachingwea, na ndilo litakaloulizwa katika simulizi hii yote: kabla ya kuleta mtambo, nani amepima tatizo la hapa?

Gesi, umeme na mizani ya molekuli

Mwaka 1857, mjini Berlin, Werner von Siemens alichukua mabomba mawili ya kioo, moja ndani ya jingine, akapitisha hewa katikati yake na kuipiga kwa umeme wa nguvu. Kwa sababu kioo kilizuia umeme kuruka moja kwa moja kutoka upande mmoja kwenda wa pili, haikutokea cheche kali ya radi bali mwanga hafifu wa zambarau uliotambaa ndani ya bomba. Siemens alikuwa anatengeneza ozoni. Hakujua kwamba muundo ule ule, miaka 150 baadaye, ungetumika kuchunguza vidonge.

Gesi ya namna hiyo, ambayo baadhi ya atomi zake zimepokonywa elektroni, ilipata jina la plazima mwaka 1928 kutoka kwa Irving Langmuir, mwanasayansi wa Marekani. Jua ni plazima, na radi pia. Hizo ni plazima za moto mkali. Lakini ipo plazima nyingine ambamo elektroni peke yake ndizo zenye nguvu nyingi, huku gesi yenyewe ikibaki na joto la kawaida. Hiyo ndiyo plazima baridi, na ndiyo iliyokuwa ndani ya bomba la Siemens.

Uzi wa pili ulisokotwa Cambridge. Mwaka 1912 J. J. Thomson alipitisha chembe za gesi ya neoni zenye chaji kwenye uga wa umeme na sumaku, akaona zimeacha alama mbili kwenye sahani ya picha badala ya moja. Neoni ilikuwa na atomi za uzito wa 20 na nyingine za uzito wa 22. Msaidizi wake, Francis Aston, aliunda mwaka 1919 mashine bora zaidi ya kazi hiyo, na mwaka 1922 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mashine za ukoo huo zinaitwa spektrometa za tungamo. Kazi yake ni kupima uzito wa molekuli, na kwa kuwa kila dawa ina molekuli yenye uzito wake, mwenye mashine hii anaweza kuitambua dawa bila kusoma karatasi yake.

Ila mashine hii ina masharti. Molekuli lazima iwe katika hali ya gesi, iwe na chaji ya umeme, na ipite ndani ya chemba iliyoondolewa hewa yote. Kwa hiyo kwa miongo mingi mtu hakuweza kukichukua kidonge na kukiuliza moja kwa moja. Ilibidi kidonge kitwangwe, kiyeyushwe kwenye kemikali, kichujwe, kisafishwe, ndipo kiingizwe. John Fenn wa Marekani alipunguza taabu kwa kubuni njia ya kupuliza myeyusho wenye chaji, akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2002. Bado lakini sampuli ilihitaji maandalizi, na maandalizi yalihitaji maabara na fundi.

Miaka minne iliyobadilisha kazi

Mwaka 2004 kikundi cha Graham Cooks katika Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, kilichapisha katika jarida la Science njia mpya iliyoitwa DESI. Walipuliza matone madogo yenye chaji juu ya kitu chenyewe, kikiwa wazi mezani, na matone yakaruka kuingia kwenye mashine yakiwa yamebeba molekuli za kitu hicho. Mwaka uliofuata Robert Cody na wenzake wa kampuni ya JEOL walitangaza DART, ambayo haikutumia matone bali mkondo wa gesi ya heli iliyopewa nguvu za ziada kwa umeme na kupashwa joto. Unakishika kidonge kwa koleo, unakisogeza kwenye pengo kati ya mkondo na mdomo wa mashine, na jibu linatokea kwenye skrini kabla hujashusha mkono.

Mwaka 2007 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, akiwemo Xinrong Zhang, walionyesha kwamba umeme unaozuiwa na kioo, yaani wazo la Siemens, unaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Zhang akashirikiana na Cooks na Zheng Ouyang wa Purdue, na mwaka 2008 jarida la Analytical Chemistry likatoa makala yao kuhusu kifaa walichokipa jina la LTP, herufi zinazosimama badala ya plazima ya joto la chini.

Kifaa chenyewe ni cha kustaajabisha kwa udogo wake. Ni bomba la kioo lenye upana wa milimita sita na ushei. Katikati yake umesimama waya wa chuma cha pua, na nje limezungushiwa utepe wa shaba. Gesi hupita ndani, chini ya nusu lita kwa dakika. Umeme wa kilovolti chache unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde huwekwa kati ya waya na utepe. Mdomoni mwa bomba hutokea ulimi mwembamba wa mwanga wa zambarau. Nguvu yote inayotumika haifiki wati tatu, pungufu ya balbu ndogo ya umeme wa jua. Pale ulimi unapogusa, joto ni karibu nyuzi 30 za Selsiasi, kwa hiyo mtu anaweza kuuwekea kidole bila kuungua. Wabunifu walifanya hivyo hasa, wakaweza kubaini chembe za kokeini kwenye ngozi ya kidole.

Ndani ya ulimi huo, atomi za heli zilizobeba nguvu za ziada hugongana na naitrojeni ya hewani na kuipa chaji. Chaji huhamia kwenye mvuke wa maji uliomo hewani, na maji nayo huikabidhi molekuli ya dawa protoni moja. Ndiyo maana parasetamoli, ambayo molekuli yake ina uzito wa 151, hujitokeza kwenye skrini kwa namba 152, na klorokwini yenye 319 hujitokeza kwa 320. Artesuneti, dawa ya malaria yenye molekuli dhaifu ya uzito wa 384 inayovunjika haraka ikipata joto, huonekana ikiwa imeshikana na amonia, kwa namba 402. Mkaguzi hahitaji kujua kemia yote hiyo. Anahitaji orodha ya namba na macho ya kuzilinganisha.

Kingine kilichoitofautisha LTP ni kwamba haikudai heli peke yake. Ilifanya kazi kwa agoni, kwa naitrojeni, na hata kwa hewa ya kawaida. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuwaza kipimo cha namna hii mbali na barabara ya lami.

Wahalifu wa Mekong

Vipimo hivi vilipata jukwaa lake katika vita vya dawa bandia vya Kusini-Mashariki mwa Asia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 artesuneti ilikuwa tegemeo la wagonjwa wa malaria sugu huko, na ndipo bandia zikamiminika. Uchunguzi wa Paul Newton na wenzake uliochapishwa mwaka 2001 uligundua kwamba asilimia 38 ya sampuli 104 zilizonunuliwa madukani hazikuwa na artesuneti.

Wahalifu hao hawakuwa wajinga. Walighushi karatasi na nembo zinazong'aa za kiwanda halisi. Maafisa wa afya walipoanza kutumia kipimo rahisi cha rangi, baadhi ya vidonge bandia vilianza kukutwa na artesuneti kidogo, isiyozidi miligramu 12 badala ya karibu 50, kiasi cha kukipumbaza kipimo lakini si cha kumponya mgonjwa. Kiasi hicho kidogo ni hatari maradufu, kwa sababu kinawazoesha vimelea kuishi na dawa.

Hapo ndipo kikundi cha Facundo Fernández wa Georgia Tech kilipoingia na DESI na DART. Vidonge vilifunuliwa kimoja kimoja: kimoja kina parasetamoli, kingine klorokwini iliyokwisha kupoteza nguvu, kingine mabaki ya antibaotiki, kingine safroli, kemikali inayojulikana kusababisha saratani. Ushahidi huo wa kemia uliunganishwa na wa chavua za mimea na madini yaliyokutwa ndani ya vidonge, katika operesheni ya pamoja na Interpol. Kati ya sampuli 391 zilizokusanywa, karibu nusu zilikuwa bandia, na alama zilielekea kusini mwa China, ambako polisi walikamata watuhumiwa mwaka 2006. Taarifa kamili ilichapishwa mwaka 2008, mwaka ule ule LTP ilipozaliwa.

Sifa zikasambaa. Afrika, bara lenye wagonjwa wengi zaidi wa malaria duniani, likaanza kutajwa kila mkutano kama mahali panapofuata. Takwimu za kutisha kuhusu dawa bandia barani zikawa zinarudiwa, nyingi zikitokana na sampuli chache zilizookotwa hapa na pale bila utaratibu.

Wakati huo huo, kusini mwa Tanzania

Tuirudie Nachingwea na Ruangwa, maana huko nako dawa zilikuwa na historia yake. Klorokwini, iliyokuwa dawa ya kila nyumba kwa vizazi viwili, ilikwisha kushindwa na vimelea. Agosti 2001 Tanzania iliiondoa na kuiweka SP, mchanganyiko wa sulfadoksini na pirimethamini. Ilijulikana tangu mwanzo kwamba SP ni daraja la muda tu.

Mwaka 2005 Taasisi ya Afya ya Ifakara, ikishirikiana na mamlaka za wilaya, ilianza kuwapa watoto wachanga SP kila wanapopelekwa kuchanjwa, katika wilaya tano za kusini: Nachingwea, Ruangwa, Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba. Mpango uliitwa Mkinge. Tarafa 24 ziligawanywa kwa kura, nusu zikaanza na nusu zikasubiri, ili matokeo yalinganishwe. Wilaya ambazo wengi hawawezi kuzionyesha kwenye ramani zikawa miongoni mwa mahali ambapo dunia ilijifunzia namna ya kuufikisha mpango kama huo kwenye zahanati za kawaida, kwa wahudumu wale wale na baiskeli zile zile. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo itumike Afrika, pale ambapo SP bado ina nguvu.

Mwishoni mwa mwaka 2006 ikaingia dawa ya mseto, ALu. Kila kidonge kina miligramu 20 za artemetha na 120 za lumefantrini. Mtu mzima humeza vinne, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, jumla 24. Kazi zimegawanywa. Artemetha huwaua vimelea wengi haraka na kutoka mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini hubaki kwenye damu kwa siku kadhaa na kuwamaliza waliosalia. Kidonge chenye artemetha nzuri na lumefantrini pungufu humpa mgonjwa nafuu ya upesi, akainuka, akaenda shambani, kisha homa ikarudi.

Ulinzi wa dawa hizi ulikuwa umeanza kujengwa. Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mwaka huo huo, mkoani Ruvuma, ulianza mpango wa kuyageuza maduka ya dawa baridi kuwa maduka ya dawa muhimu, yenye wauzaji waliofunzwa na rafu zinazokaguliwa. Wakaguzi walipewa Minilab, sanduku la vifaa vya Kijerumani lenye vibao vyembamba ambavyo myeyusho wa kidonge hupanda juu yake na kuacha doa. Mkaguzi hulinganisha doa hilo na la dawa halali. Ni kipimo cha taratibu na cha macho, lakini hakihitaji zaidi ya meza, kemikali chache na mkono wenye mazoezi.

Bandia nazo zilikuwepo. Mwaka 2009 dawa ya malaria ya Metakelfin ya kughushi ilikutwa katika maduka 40 ya dawa nchini, ikiwa na upungufu wa dawa inayotibu. Habari hiyo iliingia kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mifano ya hatari, na hofu ikapata ushahidi. Ilionekana wazi kwamba Tanzania nayo ilihitaji zana za Mekong.

Vidonge 1,737

Mwaka 2010 ndipo swali la Nachingwea lilipoulizwa kwa usahihi. Katika utafiti uliochagua maduka kwa utaratibu wa kuiwakilisha Tanzania Bara yote, watafiti walinunua dawa za ukoo wa artemisinini, ukoo wa artemetha na artesuneti, kutoka kwenye maduka binafsi. Zikapelekwa London, kwenye maabara ya Harparkash Kaur katika chuo cha afya na tiba za kitropiki. Huko hawakutosheka kuuliza kama dawa imo. Walipima imo kiasi gani, kwa njia ya polepole ya kutwanga, kuyeyusha, kuchuja na kupitisha kwenye kromatografia ya kimiminika.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Sampuli zilikuwa 1,737. Zote, bila hata moja kubaki, zilikuwa na artemisinini iliyoandikwa kwenye karatasi. Bandia za namna ya Mekong, zisizo na kitu ndani, hazikuonekana hata moja.

Ila si kwamba mambo yalikuwa shwari. Asilimia 4.1 zilikuwa na artemisinini iliyo nje ya kiwango kinachokubalika, yaani chini ya asilimia 85 au juu ya asilimia 115 ya kilichoandikwa. Ilipopimwa na dawa ya pili ya mseto, zilizoshindwa zikafika asilimia 12.1. Kwa kidonge cha ALu, kiwango hicho kina maana kwamba artemetha isipungue miligramu 17 wala kuzidi 23, na lumefantrini isipungue 102 wala kuzidi 138. Zaidi ya sampuli moja katika kila kumi haikukaa ndani ya mipaka hiyo. Dawa zilizokuwa zimehakikiwa mapema na Shirika la Afya Duniani zilikuwa na uwezekano mdogo sana wa kushindwa kuliko nyingine.

Sasa tuweke matokeo haya mbele ya ulimi wa zambarau. LTP ni hodari wa kusema ni nini kimo. Kusema kiasi gani kimo ni kazi inayoipa taabu, kwa sababu ukubwa wa jibu hubadilika kwa kila jambo: umbali wa bomba na kidonge, unyevu wa hewa, ugumu wa kidonge, utando wa nje. Miligramu 17 na miligramu 15 za artemetha zitaonyesha namba ile ile kwenye skrini. Molekuli nzito isiyopenda kugeuka gesi, kama lumefantrini yenye uzito wa karibu 529, huipa taabu zaidi. Na kidonge ambacho dawa imo yote lakini hakiyeyuki tumboni kitafaulu mbele yake bila wasiwasi. Kasoro hiyo ya mwisho haikuwa ya kufikirika: watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Sweden walishaonyesha mwaka 2003 kwamba baadhi ya vidonge vya SP vilivyouzwa Dar es Salaam vilishindwa kipimo cha kuyeyuka.

Kwa maneno mengine, kipimo cha aina iliyopata sifa kwa kumnasa mhalifu wa Mekong kingepita kwenye maduka ya Tanzania mwaka 2010 na kuandika kwamba kila kitu ni salama, huku sampuli 12 katika kila 100 zikiwa na kasoro. Adui wa huku hakuwa mghushi bali kiwanda kilichozembea au ghala lenye joto. Watafiti wa mradi uleule walipima zaidi ya sampuli 10,000 kutoka nchi sita, na bandia halisi walizikuta Nigeria na katika kisiwa cha Bioko, Guinea ya Ikweta. Kila mahali pana ugonjwa wake wa dawa.

Mlango mpya, nyumba ya zamani

Wabunifu hawakulala. Purdue walikuwa wameshatengeneza spektrometa ya kilo 10 mwaka 2006. Mwaka 2013 walitoa LTP ya kushikwa mkononi, yenye betri na mtungi mdogo wa heli. Mwaka 2014 wakaonyesha mashine nzima ya kubebwa mgongoni, kilo 12 pamoja na kifaa cha mkononi cha kilo mbili. Huko Irapuato, Mexico, kikundi cha Robert Winkler katika taasisi ya Cinvestav kilijitengenezea bomba lake na kuchapisha michoro yake, kikithibitisha kwamba kifaa hiki kinaweza kuundwa nje ya nchi tajiri.

Lakini LTP ilifungua mlango tu, na nyumba ilibaki ile ile ya zamani. Nyuma ya bomba la bei nafuu lazima iwepo spektrometa, na ndani ya spektrometa lazima pasiwe na hewa. Pampu zinazoondoa hewa ni ghali, zinachukia vumbi, zinachukia umeme unaokatika, na zikiharibika zinamsubiri fundi kutoka mbali. Heli yenyewe, gesi inayofanya kazi vizuri zaidi, huagizwa kutoka nje, ingawa mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina hazina kubwa ya gesi hiyo. Kifaa cha wati tatu kinaburuta nyuma yake mahitaji yasiyopatikana katika zahanati ya kata.

Tanzania ilichagua njia nyingine, na imepata sifa kwayo. Maabara ya TFDA jijini Dar es Salaam ilihakikiwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011. Desemba 2018 Tanzania ilitambuliwa kuwa nchi ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ubora wa udhibiti wa dawa. Mwaka 2019 mamlaka iliachiwa dawa na vifaa tiba peke yake, ikawa TMDA. Mafanikio hayo hayakuletwa na mtambo mmoja wa ajabu. Yaliletwa na usajili wa dawa, ukaguzi wa viwanda, sampuli zinazochukuliwa bandarini na madukani, na maabara yenye kupima kiasi.

Plazima baridi inapofaa

Haina maana kwamba moto baridi hauna kazi kusini. Nachingwea na Ruangwa ni nchi ya korosho, na korosho ina adui wake, ubwiriubwiri, ugonjwa wa ukungu unaokausha maua. Tangu miaka ya 1980 wakulima wamekuwa wakipulizia salfa na baadaye viuatilifu vya maji. Mkulima anayenunua chupa ya kiuatilifu yuko katika hali ile ile ya mama mwenye kidonge, tena yeye hana zahanati ya kuuliza. Hapa shaka kubwa ni kama kilichomo kwenye chupa ndicho kilichoandikwa. Hilo ndilo swali ambalo LTP hulijibu vizuri. Mwaka 2010 kikundi cha Purdue kilionyesha kwamba inaweza kubaini mabaki ya viuatilifu kwenye vyakula bila maandalizi, hata kwa mashine ndogo ya kubebeka.

Mashine kama hiyo ikikaa bandarini Mtwara au katika ofisi ya kanda, si katika kila kata, ingeweza kuchuja mizigo ya viuatilifu na dawa zinazotiliwa shaka kwa siku moja, na zile chache zenye utata zikapelekwa Dar es Salaam kupimwa kiasi. Huko ndiko iwekwe kama itanunuliwa.

Kwa msomaji wa Lionja, ushauri ni mfupi. Nunua dawa kwenye duka lililosajiliwa, zikae kwenye karatasi yake, usiache dozi katikati, na homa ikirudi baada ya dozi kamili, rudi zahanati ukiwa na karatasi hiyo mkononi, kwa sababu namba ya toleo iliyoandikwa juu yake ndiyo inayomwezesha mkaguzi kufuatilia mzigo mzima. Na kwa wanaoamua bajeti za vifaa: kabla ya kusaini, dai majibu ya utafiti wa soko la hapa hapa, wa mwaka wa karibuni, unaosema kasoro yetu ni ya kughushi au ya kupungua. Mpango wa karanga ulisainiwa bila jibu la namna hiyo, na gharama yake imeandikwa.